Nkonde Alivuka Wakati wa Vita

Siku nzima ya jana Angèle alimwona kijana wa hesabu ya watu akishuka ufuko nyumba kwa nyumba, na siku nzima alijipangia jibu. Leo alipomwona akikung'uta mchanga kwenye kiatu mbele ya uzio wa jirani, jibu lote lilimtoka kichwani kama maji kwenye kikapu.

Hakuinuka. Alikuwa ameinama juu ya chisense, wale samaki wadogo wasiozidi kidole, akiwageuza juani kwa ufagio wa nyasi. Aliendelea kuwageuza hata wale aliokwisha kuwageuza.

Swali alilijua. Wanawake walikuwa wamelileta sokoni Kashikishi wiki nzima. Wanakuuliza mmelala wangapi, maji mnachota wapi, choo mnacho au hamna, halafu ukishalegea wanakuuliza wewe ni raia wa wapi. Angèle alizaliwa Lukonzolwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mbingu zikiwa safi, vilima vya kwao vilionekana kutoka mlangoni pake. Alivuka kuja Zambia mwaka 1985 na mzigo wa vitenge vya kuuza, akakutana na mwanamume, akabaki. Miaka kumi na minne, na hana karatasi hata moja. Zamani hilo halikuwa neno, maana ziwa lilikuwa kama ua wa nyumba moja. Lakini tangu vita vya mwaka jana kule Kongo watu walivuka kwa mamia, na malori yaliwachukua kuwapeleka kambini, bara, upande wa Kawambwa, mahali ambapo mtu hanusi ziwa. Aliyepelekwa alikaa huko, na aliyeachwa alikaa huku. Binti yake Gaëlle alikuwa na miaka kumi.

Kibemba alikijua, lakini Kibemba chake kilikuwa na harufu ya ng'ambo. Neno la tatu tu, mtu alishajua ametoka wapi. Ndiyo maana mbele ya wageni alifunga mdomo na kumwachia mumewe aseme. Wawili hao nyumbani walizungumza Kiswahili cha soko, lugha waliyokutania.

Mumewe alikuwa kivulini mwa ukuta, wavu mapajani, sindano ya kushonea nyavu mkononi. Watu walimwita Nkonde. Hakuzaliwa Nkonde. Alizaliwa Kingsley Mwaba, katika zahanati ya Kashikishi, na ni Kingsley huyo ambaye Angèle alimpenda. Lakini mwaka 1996 mjomba wake, kaka ya mama yake, alikufa, na ukoo ukamkalisha Kingsley juu ya mkeka mpya, ukamnywesha maji, ukampa upinde wa marehemu pamoja na jina lake. Kwa watu wa ufuko ule jina la mkubwa halizikwi. Hupewa mtu, na mtu yule huwa yeye. Huchukua ndugu zake, safari zake na maneno yake. Marehemu naye alilipokea jina kwa mjomba wake, na yule kwa wake, hadi kwa Nkonde wa kwanza aliyekuja kutoka ng'ambo enzi za mababu, akikimbia vita vya enzi hizo. Tangu siku ya mkeka, mumewe aliposimulia habari za Nkonde wa kwanza hakusema "yeye". Alisema "mimi". Matildah, dada yake wa tumbo moja aliyemzidi miaka sita, alimwita mjomba, na hakuwa anatania.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Kati ya mazishi na mkeka, Gaëlle aliugua hadi akawa mwepesi kama kikapu kitupu. Wazee walisema ni mupashi, roho ya marehemu, inazunguka nyumba kwa nyumba kwa kukosa mtu wa kuivaa. Siku ya pili baada ya jina kupata mwenyewe, mtoto aliomba uji. Angèle, aliyebatizwa na masista, hakujua aamini nini. Alijua tu kwamba mtoto aliomba uji.

"Hodi, mukwai," alisema kijana wa hesabu kwa heshima.

Aliitwa Elliot, mtoto wa mjini, wa migodi ya Copperbelt, shati jeupe na mkoba wa kitambaa begani. Alipewa kigoda akaketi, magoti yakamfika kidevuni.

"Hesabu yenyewe ya nchi nzima ni mwakani, baba," alieleza. "Hii ni ya majaribio, vijiji vichache tu. Na jina lililoingia humu mkobani halitoki."

"Hata likitoka, langu linajua njia ya kurudi," alisema Nkonde.

Kijana alicheka, akafungua karatasi pana kama kitambaa cha meza. Mkuu wa nyumba? Nkonde. Jina la kanisani? Nkonde linatosha. Wamelala wangapi? Watatu. Maji? Nkonde alilionyesha ziwa kwa kidevu.

"Ulizaliwa wapi, baba?"

Nkonde aliweka sindano chini. Angèle aliijua namna ile ya kuweka sindano. Mwenye jina akiulizwa asili yake na mgeni, hajibu kwa kukaa. Mumewe alisimama, akakunja mkono kifuani, akatoa maneno ya jina kama alivyofundishwa juu ya mkeka:

"Mimi Nkonde, mwana wa ng'ambo,
nilivuka na vita mgongoni,
mtumbwi wa gome, kasia moja.
Ziwa likaniuliza: u nani?
Nikalijibu, likaninyamazia."

Elliot alisikiliza kalamu ikiwa hewani. Alipenda maneno yale, ilionekana usoni, lakini hakujua yanatoka wapi.

"Kwa hiyo ulikimbia vita," alisema taratibu.

"Nilikimbia vita. Walichoma kijiji chetu, na mashamba wakayachoma."

"Pole, baba. Na mama hapa ulikuja naye?"

"Mke nilimkuta hapa hapa. Baba yake ndiye aliyekuwa na ufuko huu. Alinyoosha mkono, akaniambia: kutoka kijito kile mpaka mwamba ule, vua."

"Basi mayo hapa ni mwenyeji."

"Mwenyeji kabisa," alisema Nkonde.

Ilikuwa kweli tupu, kweli ya mke wa Nkonde wa kwanza, aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, ambaye nafasi yake Angèle alikuwa ameikalia tangu siku ya mkeka bila kufikiri. Alikwenda mtungini, akachota maji, akamletea mgeni ili apate kuyachungulia maandishi. Masista walimfundisha kusoma, na mistari miwili ile ilisomeka hata kwa mtu asiyetaka kuisoma. Mbele ya jina la mumewe: Kongo. Mbele ya jina lake: Zambia.

Alisimama na kikombe mkononi. Neno moja lingetosha. Huyu amezaliwa pale zahanati, kaka, unasikia jina, husikii mtu. Lakini neno hilo lingetoka na harufu yake, na kijana angeinua macho na kuuliza: na wewe, mama? Mstari mmoja usingefutwa peke yake.

Elliot alipokea kikombe, akanywa, akashukuru. Alipokuwa anaondoka aliandika namba kwa chaki juu ya mlango, arobaini na saba, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma.

Walipobaki wawili Angèle alisema, "Ule kijana ameandika kama weye uko mutu wa Kongo."

Nkonde alikuwa amesharudi kwenye wavu wake. "Aandike. Karatasi yake itakuliwa na mende."

"Na miye ameandika Muzambia."

Hapo alicheka mpaka wavu ukamponyoka. "Sasa unanunia nini? Si njo ile ulikuwa unaomba Mungu tangu juzi?"

Na ndiyo ile hasa Angèle aliyokuwa anaomba.

* * *

Majina yalitokaje mkobani, hakuna aliyewahi kulieleza. Elliot alikuwa amesharudi kwao. Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatano, karatasi ilibandikwa ukutani pale soko la samaki: waliokimbia vita, watu thelathini na mmoja, kila jina na namba ya nyumba yake. Malori Jumatatu. Anayeona kosa afike kwa kamati ya wakimbizi kabla ya saa sita mchana, Ijumaa.

Arobaini na saba: Nkonde.

Mulumba alikuwa amesimama pale pale ukutani, mfanyabiashara wa Pweto, ng'ambo, aliyekuwa ananunua chisense za Angèle miaka sita sasa. Jina lake halikuwamo, kwa kuwa yeye hakuwahi kulala upande huu. Alifika, akapakia, akarudi.

"Mama Gaëlle," alisema, "tangu lini bwana yako amekuwa ndugu yetu? Angesema mapema, ningemuletea ngoma ya kwetu acheze."

"Papa Mulumba, usinicheke leo."

"Sicheki. Ninaona tu weye hauko pa orodha. Mutu wa Lukonzolwa anabaki, mutu wa Kashikishi anaenda. Hii kazi ya batu ba kalamu ni kama mwizi mwenye kuiba mu nyumba yake." Kisha akashusha sauti. "Iko kitambulisho?"

"Iko. Ya jina lake ya zamani."

"Peleka basi. Lakini ukienda kusema, mama, sema byote. Batakuuliza na weye. Hakuna mutu anafungua chungu nusu."

Kitambulisho kilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Kilikuwa cha kijani, na picha ya kijana wa miaka kumi na minane mwenye shingo ndefu na macho ya kutafuta ugomvi. Kingsley Mwaba, amezaliwa Nchelenge, wilaya yenye Kashikishi. Baada ya mkeka Nkonde alitaka kukichoma, Angèle akakificha.

Jumatano hiyo alikitoa, akamwekea mumewe mbele.

"Nenda ubaonyeshe."

"Nibaonyeshe nani? Ule mutu alishaondoka."

"Kingsley..."

"Nyamaza." Hakupaza sauti. Aliangalia nje, Gaëlle alipokuwa anaruka kamba na wenzake. "Ukiita ile jina mu nyumba, unafungua mulango. Na ukifungua, unajua nani anaingia, na anaanzia kwa nani. Niende mu kamati niseme nini? Kama Nkonde hakuvuka? Alivuka. Miye nilivuka. Batu bote ba hapa banajua."

"Banajua, lakini batakupeleka."

"Bapeleke. Nitarudi. Jina haikai kambini."

Angèle alirudisha kitambulisho koponi. Alhamisi alikitoa tena, akajifunga kitenge kipya, akatembea hadi mlango wa ofisi ya kamati. Mbele yake alikuwa mama mmoja wa Mununga aliyekuja kumtetea mkwewe. Alieleza vizuri, kwa mikono yote miwili, na mwenye kuandika aliitikia kwa kichwa, akaandika, kisha akauliza bila hata kuinua uso, "Na wewe mwenyewe, mama, ulizaliwa wapi?"

Miguu ya Angèle iligeuka kabla yake.

Ijumaa alikaa ufukoni anageuza chisense. Aliwageuza hadi wakaanza kuvunjika vichwa. Kengele ya shule ya saa sita ililia, kitu kikamlegea kifuani, na alipokitazama kitu hicho aliona kuwa ni nafuu. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kuhusu nafuu ile. Aliosha mikono ziwani mara mbili, harufu ya samaki ikabaki.

* * *

Lori lilifika Jumatatu saa mbili asubuhi na wanaume watatu wa kamati. Walisoma namba milangoni. Chaki ya Elliot ilikuwa bado inang'aa, kwa kuwa mvua zilikuwa bado.

Nkonde alikuwa tayari. Alivaa koti la mjomba, refu la mikono, akabeba upinde. Mwenye orodha, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliutazama.

"Silaha haipandi."

"Si silaha. Ni jina."

"Basi jina haliendi," alisema mzee, na watu waliokuwa wameshakusanyika wakaguna.

Matildah alikuwa amekuja mbio kutoka kwenye majiko ya kukaushia samaki, macho mekundu kwa moshi. Aliupokea upinde kwa mikono miwili, magoti yakigusa mchanga.

"Mnampeleka wapi mjomba wangu?"

Mwenye orodha alimtazama yeye, akamtazama Nkonde. "Mjomba wako? Wewe una mvi, mayo, yeye hana hata ndevu za kutosha."

"Ni mjomba wangu."

"Haya. Alizaliwa wapi mjomba wako?"

Matildah alikuwepo zahanati siku alipozaliwa mdogo wake. Alikuwa na miaka sita, ndiye aliyebeba taa na ndoo ya mama yao. Lakini upinde ulikuwa mikononi mwake, na mbele ya upinde husemi kinyume cha jina.

"Alivuka," alisema. "Wakati wa vita."

Mzee aliwageukia wenzake kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu. Nkonde alipanda. Ndani mlikuwa na watu ishirini na zaidi, vyungu, magodoro, na bibi kizee mmoja aliyekuwa anasali kwa Kiswahili.

Ndipo Angèle alipokimbia. Aliingia ndani, akavunja kifuniko cha kopo, akatoka na kitambulisho mkononi, akakiweka juu ya orodha ya mzee, mbele ya miwani yake. Kwa Kibemba chake chote, na harufu yake yote, akasema:

"Mtu yule ni huyu. Anaitwa Kingsley Mwaba. Alizaliwa hapa."

Jina lilisikika. Matildah alifunika uso kwa kitambaa. Gaëlle, aliyekuwa ameshika gurudumu la lori, alimgeukia mama yake.

Mzee alichunguza picha. Hakuwa mtu mbaya, alichukua muda. Alikwenda nyuma ya lori, akakinyanyua kitambulisho.

"Wewe. Ukisema ndiyo, unashuka sasa hivi. Wewe ni Kingsley Mwaba?"

Angèle aliona macho yale ya kutafuta ugomvi, yale yale ya kwenye picha. Yalimpita yeye, yakampita Matildah na upinde, yakatua kwa Gaëlle. Yakakaa hapo muda mrefu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa upondo.

"Huyo alishaondoka miaka mitatu iliyopita," alisema. "Mimi ni Nkonde."

Mzee alimrudishia Angèle kitambulisho.

"Basi mimi," alisema Angèle. "Mimi ndiye mtu wa Kongo. Nimezaliwa Lukonzolwa. Nisikilize ninavyosema, hunisikii? Mshushe yeye, nipande mimi."

Mzee alishusha kidole kwenye orodha, kikasimama. "Mama, tangu asubuhi wewe ni mke wa nne kuniambia hivyo. Nyumba arobaini na saba, mke: mwenyeji. Imeandikwa." Kisha akaongeza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, "Umekaa naye sana, mpaka umeshika lafudhi yake."

Kuna waliocheka. Dereva aliwasha lori. Nkonde hakupunga mkono. Alisimama katikati ya magodoro, koti limefungwa vifungo vyote, akilitazama ziwa hadi barabara ilipopinda.

* * *

Mvua za kwanza zilifuta chaki mlangoni. Gaëlle hakuugua. Asubuhi kabla hajaamka Angèle alimgusa shingo kwa nyuma ya mkono, na kila asubuhi shingo ilikuwa baridi, na hakujua amshukuru nani.

Novemba alifunga kikapu cha chisense, akapanda basi dogo, akateremka njiani, akatembea na Gaëlle hadi kwenye kizuizi cha kambi. Hakukuwa na upepo. Mahema yalikuwa yamepangwa mistari kama maneno kwenye karatasi. Mlangoni palikuwa na meza, daftari na mlinzi aliyekuwa anamenya karanga.

"Wanaotaka kukaa, mstari ule. Wanaotaka kuona na kurudi, huu. Kurudi ni kwa Wazambia tu," alisema mlinzi. "Unamtaka nani?"

"Nkonde."

"Ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Alitoka wapi?"

Angèle alikuwa amebeba kitambulisho, kimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Alikigusa kwa kidole. Gaëlle alikuwa anamtazama kutoka chini, anangoja, kama alivyongoja siku ile ya lori.

"Alivuka," alisema Angèle. "Wakati wa vita."

Mlinzi aliandika. "Na wewe? Raia wa wapi?"

Mstari wa wanaotaka kukaa ulikuwa mrefu, na kwenye mstari ule watu walikuwa wanaongea Kiswahili cha kwao, cha Lukonzolwa na Pweto, na mtu mmoja alikuwa amesema kitu cha kuchekesha. Aliwasikiliza mpaka mlinzi akagonga meza kwa kalamu.

"Zambia," alisema.

Neno lilitoka na harufu yake yote. Mlinzi hakuinua uso. Aliandika, akatupa ganda la karanga, akawaonyesha njia.